Kabla lami haijakatiza Kitulo: barua ya wazi

Kwa Kamishna wa Uhifadhi wa TANAPA, Mtendaji Mkuu wa TANROADS, Wakuu wa Mikoa ya Mbeya na Njombe, pamoja na waheshimiwa wabunge na madiwani wa pande zote mbili za mlima.

Shikamooni waheshimiwa.

Nianze na lile nisiloliomba, maana barua kama hii ikishaingia kwenye magrupu ya simu watu husoma mistari miwili kisha wanaanza kurushiana maneno. Siombi barabara ya kutoka Isyonje kwenda Makete ifungwe. Anayeweza kuomba hivyo hajawahi kuuguliwa. Sisi wa Mbeya tunaijua safari ya Ikonda: mgonjwa kakalishwa dirishani, ndugu wawili pembeni, chupa ya uji miguuni, gari linapanda kupitia Kikondo hadi kwenye baridi ya Kitulo, halafu linateremkia Makete. Hospitali ile ya Wamisionari wa Consolata imewarudisha nyumbani wazima watu wengi wa upande wetu. Njia hiyo isikatwe hata kwa siku moja.

Tena kwa mama yangu ni Makete. Wajomba zangu ni wakulima wa viazi, na Mkinga humwambii habari ya kufunga barabara ya kwenda sokoni ukabaki na heshima yako.

Ninachoomba ni kwamba magari yanayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yawekewe mipaka sasa: gari la aina gani lipite, saa ngapi, kwa mwendo gani, na tairi likanyage wapi. Nasema sasa kwa sababu mpango wa lami kutoka Isyonje hadi Makete mnaujua kuliko mimi. Lami ikishalala, dereva akishazoea kupita mle kwa kasi anayotaka saa anayotaka, kumrudisha nyuma itakuwa vita. Kumwekea utaratibu mtu ambaye bado anatambaa kwenye matope ni rahisi zaidi.

Kwa wale mtakaosoma barua hii mkiwa Dodoma au Arusha na hamjapanda huku siku za karibuni, niseme machache. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa nyasi ulioinuka kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Watafiti wamehesabu pale aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi za ardhini. Kuanzia mvua za Novemba na Desemba hadi Aprili, uwanda wote unabadilika rangi wiki hadi wiki. Juni na Julai hakuna maua ya kumvuta mtu, ni baridi na sakitu tu, na ndipo wageni wengi wa kipindi cha likizo hufika wakaondoka wakisema wamedanganywa.

Sasa tatizo la gari kwenye bustani ya aina hii si lile la Mikumi. Mikumi gari linagonga mnyama. Mnyama anaonekana, damu inaonekana, na pale barabarani kuna bango linalokuambia utalipa kiasi gani ukigonga pundamila na kiasi gani ukigonga twiga. Kitulo gari linagonga kitu kilicho chini ya udongo.

Okidi zetu za ardhini zina kiazi. Kiangazi, majani yote yakikauka na pengine moto ukipita, ua linabaki hai humo chini likisubiri mvua. Mbegu yake nayo ni ndogo mno na haina akiba ya chakula, kwa hiyo haioti mpaka ikutane na aina fulani ya kuvu wa kwenye udongo anayeilisha. Huo ndio mtambo mzima wa Kitulo: kiazi, kuvu, udongo laini unaopitisha hewa na maji. Pitisha tairi la fuso lenye shehena ya mbao juu ya udongo uliolowa, na udongo ule unashindiliwa. Mwaka unaofuata nyasi zitarudi, na kwa mbali utasema hakuna kilichotokea. Chuchumaa uangalie. Katikati ya alama mbili za matairi kuna jerania na okidi zimesimama, ila kwenye alama zenyewe kuna nyasi fupi ngumu tu, na dimbwi.

Ndiyo maana nikasema habari ya tairi likanyage wapi. Wakati wa masika barabara ikichimbika, dereva haendi kwenye shimo analoliona, anahamia pembeni kwenye nyasi. Wa pili anafuata alama zake. Baada ya wiki mbili pembeni nako kumechimbika, anahamia pembeni ya pembeni. Yapo maeneo juu kule unahesabu njia tatu au nne zinazokwenda sambamba, zote za gari, zote zinaelekea mahali pamoja, na kila moja imekula maua ya upana wake. Udongo wetu mweusi una majivu ya volkano, ni mwepesi, na ukishakatwa maji huufanya korongo upesi. Kwa hili nakiri lami itasaidia sana, na ningependa wenzangu wa mazingira wanaopinga lami kwa kuipinga tu walione: barabara nzuri yenye mitaro na kingo inamfungia dereva njiani. Barabara mbovu inampa ruhusa ya kutembea popote.

Kuna na lile la kuchimba dawa. Msicheke, ni jambo la kweli. Gari la abiria linasimama palepale ambapo kondakta ameamua, watu thelathini wanashuka, wanatawanyika kwenye nyasi kila mtu na kichaka chake, ingawa Kitulo vichaka vyenyewe havipo. Nimewahi kupanda gari moja ambalo dereva wake aliliingiza nyasini kama hatua hamsini kutoka barabarani ili abiria wapate picha nzuri na maua nyuma yao. Alikuwa mkarimu, hakuwa na ubaya wowote. Dada mmoja alirudi na kishada cha maua mkononi, akampa mwanawe, na mtoto akayaangusha dirishani kabla hatujafika Makete. Hakuna bango lililomwambia asichume, na hapakuwa na choo wala mahali pa kusimama.

Wageni wenye magari binafsi nao wana yao. Siku hizi hakuna anayeamini umefika Kitulo mpaka aone picha ya gari lako limezama kwenye maua hadi kwenye taa. Ukiwauliza watasema wamelipia kiingilio.

Waheshimiwa, hapa ndipo ninapotaka tutenganishe watu wa aina mbili, maana kila mjadala wa barabara ya hifadhi nchini unaharibika kwa kuwachanganya. Yupo mpita njia, na yupo mgeni wa bustani. Mgonjwa wa Ikonda, mfanyabiashara wa viazi, mwalimu anayerudi kituoni, hawa hawakuja kutazama maua. Wanataka kufika. Mgeni wa bustani amekuja kukaa. Ukimfungia wa kwanza unamwonea, na ukimwacha wa pili aingie na gari lake kila kona unaiua bustani aliyokuja kuiona.

Wamarekani walilifikiria hili mwaka 1858, kabla hata ya magari. Waliochora bustani kubwa ya katikati ya jiji la New York, Central Park, walijua jiji litaizunguka na mikokoteni itataka kukatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wakachimba barabara nne za kukatiza, wakazizamisha chini ya usawa wa bustani, ili anayepita apite bila kumsumbua anayepumzika juu. Barabara hizo nne mpaka leo zinapitisha magari. Zile za ndani ya bustani, za kuzungukazunguka, zilipoingiliwa na magari ikachukua zaidi ya miaka hamsini kuyatoa: walianza kufunga wikendi mwaka 1966, wakawa wanapunguza saa kidogo kidogo, mpaka Juni 2018 ndipo gari la mwisho likatoka. Miaka hamsini na ushei! Kule San Francisco, barabara kuu ya ndani ya Golden Gate Park ilifungwa wakati wa korona mwaka 2020, na ilibidi wananchi wapige kura mwaka 2022 ndipo ibaki bila magari. Waliolalamika zaidi walikuwa wazee na walemavu, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa hiyo kuna basi dogo la bure linalowazungusha watu mle ndani.

Siwapi mifano hii ili tuige New York. Sisi hatuna jiji la kuizunguka Kitulo, tuna ng'ombe wa shamba la mifugo na mashamba ya viazi. Natoa mifano kuonyesha kwamba aliyetenganisha mapema alipumzika, na aliyeacha magari yakazoea aligombana na watu nusu karne.

Hata hapa kwetu hatujapungukiwa mafunzo. Barabara kuu ya Dar es Salaam kuja Iringa na Mbeya inakatiza Mikumi kwa takribani kilomita 50. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, lami ikaja, malori ya Zambia yakaja, na tangu hapo kazi imekuwa ni kuweka matuta, vibao vya mwendo na mabango ya faini juu ya barabara ambayo ilishajengwa kwa ajili ya kukimbia. Kila anayesafiri njia ile ameona jinsi madereva wanavyopunguza mwendo kwenye tuta na kuongeza hapohapo baada ya tuta. Kuhusu Serengeti kaskazini, suala lilifika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga lami kukatiza pale. Kitulo haijafika mahakamani na sioni sababu ifike, kwa kuwa hapa lami na bustani vinaweza kukaa pamoja mkiandika masharti kabla ya kumwaga kokoto.

Na masharti yenyewe si magumu.

Malori ya mzigo mzito yasipite hifadhini kabisa. Najua wajomba zangu wataniita msaliti, basi waniite, ila wanisikilize kwanza. Lami ya Makete hadi Njombe sasa ipo. Mbao na viazi vinavyokwenda Dar es Salaam vina njia nzuri ya kushuka Njombe na kutokea Makambako, wala havina haja ya kupanda uwandani. Mzigo unaokuja Mbeya au unaoelekea Tunduma ndio wenye hoja, kwa sababu kuzunguka Njombe na Makambako ni mbali na mafuta ni hela. Huo uruhusiwe, lakini kwa kenta na magari ya ukubwa huo, mchana, na kwa uzito uliopimwa. Tena mzani ukiwepo utamsaidia mkulima dhidi ya lumbesa, maana wanunuzi wanaojaza gunia mpaka linaota kichwa watakuwa wanapima mbele ya mtu wa serikali. Ila hilo la lumbesa ni barua nyingine.

Usiku, tangu giza liingie hadi alfajiri, lango lifungwe kwa wote isipokuwa gari la wagonjwa, polisi, na gari lolote lenye mgonjwa hata kama ni Noah ya jirani. Asiombwe karatasi mtu aliyebeba mjamzito. Mlinzi afungue geti, aandike namba, gari lipite. Hifadhi zetu nyingine zina utaratibu wa kutotembea usiku na hakuna anayeshangaa. Kitulo ukungu wa usiku peke yake ungetosha kuwa sababu.

Mwendo uwe wa chini, na barabara yenyewe ijengwe ikilazimisha mwendo huo. Msitegemee kibao. Msanifu akichora barabara pana, iliyonyooka, yenye kuona mbali, halafu mkaweka kibao cha 50, mmempa askari wa usalama barabarani kitega uchumi tu, na sote tunajua hela ya soda inavyofanya kazi. Chora barabara nyembamba yenye kona zinazofuata umbo la ardhi na kingo za mawe pembeni, dereva atakwenda polepole bila kumwona askari. Wekeni sehemu mbili au tatu za kusimama zenye choo, pipa la taka na uzio mfupi, na iwe kosa gari la abiria kusimama kwingine. Choo kikiwepo kondakta atasimama pale, si mtu mbaya.

Halafu kuna mgeni wa bustani, na hapa nina matumaini kuliko kwingine. Ruaha huwezi kumshusha mgeni kwenye gari, ataliwa. Kitulo hakuna simba wala tembo uwandani. Ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambazo mtu anaweza kuzitembea kwa miguu yake kuanzia lango hadi jioni. Sasa kwa nini tunaiendesha kama Ruaha? Gari katika mbuga ni kinga ya mgeni, ila Kitulo linamkinga na maua tu. Okidi nyingi ni fupi, zimejificha kwenye nyasi, rangi zake hazipigi kelele. Kutoka kwenye kiti cha gari utaona njano na nyekundu za maua marefu, basi, kisha utasema nimeiona Kitulo.

Miezi ya maua, njia zote za ndani ya hifadhi zisizo za wapita njia zifungwe kwa magari binafsi. Maegesho yawe langoni. Pawe na gari moja au mawili ya hifadhi, yanayopita kwenye njia moja tu, ya kuwabeba wazee, walemavu, wenye watoto wadogo, na yeyote ambaye mapafu yake hayajazoea mita 2,600. Wengine watembee na kijana wa Matamba au Kikondo aliyefundishwa kuongoza. Kijana huyo leo anakaa kijiweni na bodaboda yake, au anafanya jambo ambalo tusilifiche: anachimba chikanda. Viazi vya okidi vimekuwa vikivushwa kwenda Zambia kwa ajili ya chakula kwa miaka mingi, na doria peke yake haijaimaliza biashara hiyo. Mtu anayelipwa kuonyesha ua lilipo atalilinda mwenyewe, na atamjua mchimbaji kabla askari hajamjua.

Kigali wamekuwa wakiyaondoa magari kwenye barabara zao kuu asubuhi za Jumapili maalumu tangu mwaka 2016, watu wanakimbia na watoto wanaendesha baiskeli katikati ya lami. Ningefurahi siku moja ya Februari nione hivyo Kitulo, Jumapili moja katika mwezi, tangu asubuhi hadi saa sita mchana, gari la wagonjwa tu na magari ya abiria kwa msafara. Hili siling'ang'anii. Mengine nayang'ang'ania.

Kwa watakaosema huu ni utetezi wa maua mbele ya watu, niwakumbushe maji ya uwanda ule yanakokwenda. Vijito vinavyoanzia Kitulo na kingo zake vinashuka upande wa Chimala na kulisha Usangu, ule mpunga wa Mbarali mnaousifia Dar es Salaam, vikaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaoendesha mitambo ya Mtera na Kidatu. Udongo unaochimbwa na matairi na oili inayomwagwa na lori lililokufa mlimani vinaelekea hukohuko. Mkulima wa Igurusi ana haki ya kuulizwa kuhusu barabara hii sawa na mkulima wa Makete.

Na hapo ndipo ombi langu la mwisho lilipo, la utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi wasikilizwe. Kama tathmini ya kipande cha hifadhini imekamilika, iwekeni hadharani kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za kata za Matamba na Kikondo ambako wenye barabara wanapita kila siku. Kama bado, iteni mikutano, na msiiite Jumanne saa nne asubuhi wakati watu wako shambani. TANAPA na TANROADS wakae meza moja mbele yetu, kwa maana tumechoka kuambiwa na huyu kwamba barabara ni ya yule, na yule kwamba hifadhi ni ya huyu. Katika mkutano huo nataka nisikie majibu ya maswali manne: lori la tani ngapi litapita, geti litafungwa saa ngapi, vyoo vitakuwa wapi, na nani atakuwa na funguo usiku mgonjwa akija.

Nitakuja na wajomba zangu. Wao watapinga hilo la malori, nimeshawaambia wajiandae.

Wenu katika kujenga taifa,
Mkazi wa Uyole, Mbeya